Kila Nikirudi Kwenye Usukani Naanza Upya

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni muuguzi, nakaribia miaka thelathini, na ninajifunza kuendesha gari. Tangu lini, naomba usiniulize. Wenzangu niliojiandikisha nao wote wana leseni.

Shida yangu siyo woga, au tuseme siyo woga peke yake. Shida ni kwamba ninachojifunza hakikai. Zamu zikinikalia vizuri nakwenda darasani mara mbili tatu mfululizo, naondoa gari bila kuruka, naingia gia bila kelele, hata mwalimu ananisifu. Halafu zinaingia zamu za usiku, mwenzangu anaugua namshikia nafasi, mwezi unakatika sijagusa usukani. Nikirudi ni kama sijawahi kukaa kwenye kiti cha dereva. Mguu wa kushoto hauijui klachi, mkono unatafuta gia, nawasha waipa nikidhani ni indiketa.

Mara ya mwisho gari lilinizimikia kwenye taa. Nikaliwasha, likazima tena. Taa ikarudi nyekundu tukiwa palepale, nyuma yangu honi zinapigwa kama kuna harusi. Mwalimu akatazama nje dirishani akasema, "Dada, hili tulishalimaliza." Huyo naye si yule niliyeanza naye. Kila nikirudi baada ya kupotea napangiwa mwingine na gari lingine, na swali la kwanza ni lilelile: "Unajua nini mpaka sasa?"

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Kaka yangu anasema niache kumwaga pesa kwenye masomo, barabara yenyewe ndiyo mwalimu, nipate leseni kwanza mengine nitayajulia mbele ya safari. Yuko tayari kunipa gari lake Jumapili jioni. Binamu yangu anasema nichukue likizo wiki ya mwisho kabla ya mtihani, nikae na mwalimu asubuhi hadi jioni, kwa kuwa yeye alifanya hivyo na akafaulu. Mwalimu anasema nije kila wiki bila kukosa, lakini yeye ndiye anayelipwa, nitajuaje kama ananishauri au anajitafutia?

Mtihani umepangwa mwezi ujao. Nimsikilize nani? Na kuna jambo siwezi kumuuliza mtu uso kwa uso: je, wapo watu ambao udereva si wao?

Muuguzi wa zamu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Barua yako imejijibu yenyewe. Kila ulipopata siku zinazofuatana, ulishika, na mwalimu akakusifu. Ingekuwa udereva si wako, ungeharibu hata katika zile wiki nzuri. Wapo kweli watu ambao hawafai kuendesha kwa sababu ya macho au maradhi, lakini hao huambiwa na daktari, na kwa kazi yako unawafahamu kuliko mimi. Wewe kinachokuangusha ni mapengo kati ya somo na somo.

Na usiseme unarudi sifuri. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kumbukumbu kwa miaka na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885. Aligundua kwamba hata jambo unalodhani limefutika kabisa, ukilijifunza mara ya pili linakuchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo ulichojifunza kipo. Kimefukiwa tu, na unalipia saa nzima kukifukua.

Tuangalie ni nini hasa kinachopotea, kwa sababu siyo kila kitu. Nikikuuliza sasa hivi maana ya alama ya kusimama, au nani ana haki ya kupita kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, utanijibu bila kusita hata kama umekaa nje ya gari miezi mitatu. Sheria hukaa kichwani. Kinachoondoka ni kile kinachokaa mwilini, na kwa mwanafunzi wa gari la gia cha kwanza kuondoka ni klachi.

Unakumbuka inavyokuwa: umekanyaga klachi mpaka chini, gia ya kwanza imeingia, unaanza kuuinua mguu. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha mlio wa injini unashuka, unakuwa mzito, na pua ya gari inanyanyuka kidogo sana, kiasi kwamba abiria wa nyuma hawezi kujua. Hapo klachi imeshika. Mguu ukitulia palepale, wa kulia ukaongeza mafuta kidogo, gari linaondoka. Ukiuachia mara moja, linaruka na kuzima, na hizo honi za harusi zinaanza. Mwalimu anaweza kukueleza hayo mchana kutwa na bado yasikusaidie, kwa sababu mahali penyewe ni pembamba na kila gari lina pake. Mguu unapajua kwa kupafikia tena kabla haujapasahau. Ukibadilishiwa gari kila unaporudi, unautaka mguu ukumbuke mahali ambapo haujawahi kufika.

Sasa, kuzimikiwa na gari kwenye taa hakujaua mtu. Ni aibu tu, na aibu hupita. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni macho. Akili ikiwa yote iko kwenye mguu na mkono, macho hufuata. Watafiti waliofuatilia macho ya madereva tangu miaka ya 1970 waliona kwamba anayeanza hutazama karibu sana na boneti ya gari lake na vioo huvikumbuka mara chache, ilhali aliyezoea hutazama mbali, akirudi kwenye vioo tena na tena bila kujiamrisha. Mwanafunzi siyo mzembe. Hana nafasi kichwani. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukiinamisha macho sekunde mbili kutafuta gia, umesafiri kama mita 28 bila kuona, na katika mita hizo anaweza kuvuka mtoto, anaweza kusimama aliye mbele yako, anaweza kutokeza mwendesha pikipiki ubavuni.

Ndiyo maana nasisitiza masomo ya mara kwa mara. Siyo kwamba kila somo lina jambo jipya kubwa la kukufundisha. Kazi yake ni kuifanya mikono na miguu ijiendeshe yenyewe, ili macho yako yawe huru kufanya kazi ambayo ndiyo udereva hasa. Mtu anayekuja leo na kupotea mwezi hafiki hatua hiyo. Kila akirudi, somo lote linaishia kwenye miguu, na yale ya juu, kusoma barabara, kukisia nia ya wengine, kuchagua mwendo, hayaguswi. Anaweza kuwa amelipia saa nyingi sana na asiwe hata mara moja amejifunza kutazama.

Nije kwa binamu yako. Simkatai kwamba alifaulu. Wiki moja ya asubuhi hadi jioni inaweza kumpitisha mtu kwenye mtihani, hasa kama njia za mtihani zinajulikana na mwalimu anamzungusha humohumo. Lakini sikiliza kisa hiki. Watafiti wawili, Baddeley na Longman, waliandika mwaka 1978 juu ya wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakifundishwa kuchapa kwenye kibodi. Waligawanywa makundi manne. Kundi moja lilifundishwa saa moja tu kwa siku. Jingine, kwenye ncha ya pili, lilifundishwa mara mbili kwa siku, kila mara saa mbili, yaani saa nne. Wale wa saa moja waliimudu kibodi baada ya saa kama 35 za mafunzo. Wale wa saa nne walihitaji karibu saa 50 kufika palepale. Kazi ile ilikuwa ya vidole na macho, siyo mbali sana na unachokitafuta wewe.

Kinachonifurahisha zaidi katika kisa hicho ni kwamba wale wa saa moja, waliojifunza kwa saa chache kuliko wote, ndio waliolalamika kuliko wote. Waliwaona wenzao wanasonga mbele kwa kalenda, wakahisi wao wamebaki nyuma. Hapo ndipo binamu yako anapopata nguvu ya kusema. Anayejaza wiki nzima huhisi anakwenda kasi, na kwa siku kweli anakwenda kasi. Kwa saa alizolipia, hapana. Na kuna uchovu. Baada ya saa ya pili au ya tatu mwanafunzi anaanza kuendesha kwa mazoea mabaya, anakata kona kwa uvivu, anasahau kioo, na mwalimu naye amechoka kumkosoa. Usingizi wa usiku kati ya somo na somo nao una kazi yake, maana ubongo huendelea kupanga ulichofanya mchana. Anayebana kila kitu katika siku tano anaunyima ubongo huo nafasi.

Sisemi wiki kama hiyo haifai kamwe. Mtu aliyekwisha kuiva, amekuwa akija kila juma kwa muda mrefu, akataka kujinoa siku chache kabla ya mtihani, namwambia endelea. Kwako ingekuwa kuezeka nyumba ambayo ukuta haujasimama.

Kuhusu kaka yako, nagawanya maneno yake mawili. La kwanza, kwamba upate leseni halafu barabara ikufundishe, silikubali hata nusu. Miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yako, bila mwalimu pembeni wa kukanyaga breki ya pili, ile ya upande wake, ndiyo yenye hatari kubwa kuliko miezi yote ya maisha ya dereva. Barabara inafundisha, sikatai, lakini ada yake haitangazwi mapema.

La pili, la gari lake Jumapili jioni, hilo ni zawadi na usilikatae. Uswidi, mwaka 1993, waliteremsha umri wa kuanza mazoezi ya kuendesha kutoka miaka 17 na nusu hadi 16, umri wa leseni ukabaki 18. Vijana walioitumia nafasi hiyo, wengi wao wakiendesha na wazazi pembeni, walifika siku ya leseni wakiwa na wastani wa saa kama 118 za mazoezi, wakati kabla ya hapo zilikuwa chini ya 50. Katika kipindi kilichofuata, ajali zao kwa umbali walioendesha zilikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 40. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa inatokana na aina ya vijana waliojitokeza, kwamba wenye uangalifu ndio waliokimbilia nafasi. Hata hivyo ujumbe wake kwako uko wazi: saa za mwalimu peke yake hazitoshi, na mazoezi na mtu wa nyumbani yana thamani kubwa.

Ila kaka asiwe mwalimu. Mwalimu anafundisha, kaka anakupa pa kurudia. Na Jumapili unarudia tu lile ambalo mwalimu amekwisha kukuonyesha na umelifanya naye salama. Kaka akianza kukufundisha kuegesha kwa mtindo wake, au kushika usukani kwa mkono mmoja kama wanavyofanya makaka wote duniani, utakuwa na madereva wawili ndani ya kichwa kimoja. Hakikisheni pia sheria ya mahali mlipo inamruhusu kukaa nawe, gari lina alama ya mwanafunzi, na bima inamtambua anayejifunza. Hilo la bima watu hulikumbuka gari likiwa limekwisha gonga. Na kama ninyi wawili hugombana hata juu ya rimoti ya televisheni, afadhali umtafute mtu mwingine.

Mwalimu je, anajitafutia? Bila shaka analipwa, na mimi ningetilia shaka mwalimu anayekwambia utahitaji masomo mengi bila kukueleza ya nini. Lakini piga hesabu mwenyewe. Kumbuka somo lako la mwisho: ni dakika ngapi zilikwenda kwenye jambo jipya, na ngapi kwenye yale uliyokwisha kulipia zamani? Anayekuja kwa kurukaruka ndiye anayemfaidisha mwalimu, kwa sababu somo moja analinunua mara tatu. Anayekuja mfululizo humaliza mapema akaondoka.

Lile neno lake, "hili tulishalimaliza," silipendi. Hakuna jambo linalomalizwa kwenye udereva baada ya kulifanya vizuri mara moja, na mwalimu anayejua kazi yake hufungua kila somo kwa kurudia la mwisho. Angekuwa mwalimu mzuri angekupeleka kwanza barabara tulivu dakika kumi, uondoe gari na kulisimamisha mpaka mguu uikumbuke klachi, ndipo akuingize kwenye taa. Kukutoa kwenye likizo ya mwezi na kukutia moja kwa moja kwenye foleni ni kosa lake.

Sasa tupange, kwa sababu najua zamu haziombewi ruhusa. Ratiba yako ya kazi ikitoka tu, kabla hujaitumia kwa jambo lingine, weka masomo yako ya kipindi chote kile na uyalipie. Moja kwa wiki ndicho kiwango cha chini, mawili ni bora, na saa moja au moja na nusu inatosha. Wiki ambayo umebanwa kabisa, omba nusu saa. Watu hudharau somo la nusu saa, lakini nusu saa inazuia pengo, na pengo ndilo adui yako. Masomo mafupi mawili katika juma nayapenda kuliko moja refu.

Ukitoka zamu ya usiku, usikae nyuma ya usukani, si kwa mwalimu wala kwa kaka. Unajua unavyosema na wagonjwa asubuhi ile. Gari halisikii udhuru. Weka somo baada ya kulala, au siku ya mapumziko.

Omba mwalimu mmoja na gari moja. Sema wazi unapolipa, usione haya. Ikibidi kubadilishiwa, mpe mwalimu mpya karatasi badala ya kumjibu lile swali la "unajua nini." Kila somo likiisha, kabla hujashuka, mwombe akwambie jambo moja ulilofanya vizuri, moja la kurekebisha, na mtakaloanza nalo mara ijayo. Liandike kwenye simu palepale. Utashangaa jinsi maneno ya ndani ya gari yanavyoyeyuka ukishafika nyumbani.

Katikati ya masomo kuna zoezi lisilogharimu kitu, na mimi nalithamini kuliko mengi yanayolipiwa. Unapokuwa abiria mbele, endesha kwa mdomo. Taja kwa sauti ndogo unachokiona na ambacho ungefanya: gari lile limesimama, mlango unaweza kufunguka, napunguza, mtoto yuko ukingoni na mpira, natazama kama kuna mwenzake, lori linatoa indiketa, nabaki nyuma. Mwanzoni utachelewa, utataja gari likiwa limeshapita. Baada ya muda utaanza kuyaona mambo kabla hayajatokea. Hayo ndiyo macho niliyokuwa nikiyasema, na hayahitaji klachi. Miguu nayo unaweza kuizoeza kidogo kwenye gari la kaka likiwa limezimwa na breki ya mkono imevutwa: klachi chini, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, macho mbele, bila kuchungulia chini.

Na masomo yakishakuwa mfululizo, yabadilishe. Wengi hujifunza saa nne asubuhi kwenye barabara ileile, jua linawaka, kisha leseni ikitoka wanakutana kwa mara ya kwanza na mvua, giza na foleni ya jioni wakiwa peke yao. Mwambie mwalimu akupitishe huko akiwa pembeni yako. Mzunguko wenye magari mengi, kupanda mlima na kusimama katikati yake, kurudi nyuma kwenye njia nyembamba, kuendesha usiku taa za wengine zikikumulika machoni. Usimwache achague yale mepesi kila mara kwa sababu wote wawili mnayafurahia.

Limebaki la mtihani. Kwa hali ulivyoieleza, mwezi ujao ni mapema, na mimi ningeusogeza mbele kama inaruhusiwa. Usiusogeze kwa tarehe ya kubahatisha. Anza hii ratiba, kisha umwombe mwalimu akufanyie jaribio kamili kama la mtihani, yeye akiwa kimya kabisa, asikanyage breki yake wala kukuelekeza kwa kidole. Ukilimaliza bila yeye kuingilia, na wiki inayofuata ukalirudia kwenye njia nyingine matokeo yakawa yaleyale, ndipo uchukue tarehe. Akikataa kukufanyia jaribio hilo, au akakwambia uko tayari wakati bado anakanyaga breki yake, tafuta mwalimu mwingine sasa hivi, ungali na muda.

Mjomba